Bata wa Bwana Archambaud

Beltsville, Maryland
22 Juni 2024

Babu mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si padri nilipoungama, kwa sababu sijui kama ni dhambi au ni habari tu. Nalisema kabla ya salamu, nisije nikaogopa nikifika katikati ya ukurasa: nadhani mtakatifu wetu si mtakatifu.

Sasa nasalimia kama ulivyonifundisha. Shikamoo Babu. Sisi hapa hatujambo. Papa, mwanao, bado anafanya kazi kwenye ile nyumba ya kulelea wazee. Anawageuza vitandani na kusikiliza hadithi zao za vita ambavyo hakuvipigana, na wao hawajamuuliza za kwake. Goti la Mama limepoa kidogo. Mdogo wangu Yohan ametimiza miaka minane, ameng'oka meno mawili ya mbele, anaelewa Kiswahili chote na anajibu chote kwa Kiingereza. Nilimtisha kwamba utakuja kumsahihisha. Akasema wewe hupandi ndege.

Basi jambo lenyewe. Ile picha uliyompa Papa tulipoondoka Kigoma iko sebuleni, juu ya televisheni. Mtu mwenye joho la kitajiri, miguu mitupu, kichwa ameinamisha, mikononi amekumbatia bata bukini. Papa ameitia kwenye fremu nzuri lakini ile pembe iliyoungua bado inaonekana. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anaigusa kwa mkono wa kushoto, ule wenye vidole vilivyoshikana, halafu anatoka. Kwa hiyo huyo mtu anaijua ratiba ya Papa kuliko sisi.

Nimekua na hadithi yake kama ulivyotusimulia: Mtakatifu Archambaud, bwana mkubwa wa Ufaransa ya kale, aliwapa maskini kinu chake cha kusagia, akaenda Yerusalemu kuhiji, na aliporudi bata wakamfuata njiani kwa sababu ya utakatifu wake. Wewe ulibatizwa jina lake, na Yohan pia ni Yohan Archambaud. Ndiyo maana kila tarehe 19 Agosti ukoo mzima unakutana na kula bata. Sijawahi kuuliza kwa nini tunamheshimu rafiki wa bata kwa njia hiyo.

Mwaka huu Mama Domina, Mtanzania anayefundisha watoto wa jumuiya yetu kule Bladensburg, ameamua kwamba kwenye sikukuu ya Watakatifu Wote kila mtoto atavaa kama mtakatifu wake na maisha yake yatasomwa kwa Kiswahili. Mimi ndiye nitakayeyaandika, maana anasema nasoma sana na siongei, kwa hiyo nina muda. Nilianza na wetu nikidhani ndiye rahisi. Hayumo kwenye kitabu cha watakatifu cha Mama Domina. Hayumo kwenye kile kikubwa cha parokia. Nikapanda treni ya Metro hadi mtaa wa Shaw, kwenye maktaba ya chuo kikuu kilichoko jirani, anakofanya kazi Dada Irene, Mkenya tunayesali naye. Nilikaa nje dakika ishirini nikijifunza sentensi moja ya kumwambia. Alisema, "Wewe ingia tu, hapa hatuumi," akanitafutia kitabu cha Kifaransa ambacho hakuna aliyekiazima tangu kabla Mama hajazaliwa.

Kimeandikwa kutokana na nyaraka za watawa wa abasia moja. Bwana Archambaud wa Vaucreux, karne ya kumi na tatu. Kinu alikuwa nacho kweli, ila hakumpa mtu: wanakijiji walikatazwa kusaga kwingine, na aliyeonekana na jiwe la kusagia nyumbani alivunjiwa jiwe hilo mlangoni mwake. Alimfunga shemeji yake miezi mitano kwa ajili ya bwawa la samaki. Aliapa mbele ya askofu kwenda kuikomboa Yerusalemu. Akafika bandarini Marseille, akaiona bahari, akarudi nyumbani.

Na mwishoni, Babu, kuna picha ya sanamu iliyochongwa juu ya mlango wa abasia hiyo. Miguu mitupu, kichwa kimeinama, bata mikononi. Ni picha yetu. Chini yake wameandika: Bwana Archambaud akirudisha bata aliyemwiba.

Je, ulikuwa unajua?

Mjukuu wako,
Anysie

*

Kigoma
29 Julai 2024

Mjukuu wangu Anysie,

Marahaba. Barua yako ilifika parokiani tarehe 24 ikakaa siku tatu chini ya birika la katibu, kwa hiyo ina alama ya duara ambayo si yangu. Nashukuru kwamba bado unaandika kwa mkono. Masikio yangu sasa hayawezi simu kabisa; mara ya mwisho baba yako Wenceslas aliponipigia nilimpa pole ya msiba, kumbe alikuwa ananieleza habari za gari lake jipya.

Mimi mzima. Miaka themanini inapanda kama ngazi zilizooza, unaangalia pa kukanyaga. Bati la jikoni lilivuja, limezibwa. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha na amemkataa mmoja, kwa hiyo kila asubuhi namnywesha kwa chupa naye ananipiga kichwa kwa shukrani. Walimu wa siku hizi wameniomba niwaandikie historia ya shule yetu. Nimewauliza wanataka ya kweli au ya kusomwa kwenye sherehe. Wamesema ya sherehe.

Mwambie mama yako goti alikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Mwambie Yohan kwamba kutopanda ndege si woga, ni msimamo.

Umeandika vizuri. Sentensi zako zimekuwa ndefu kidogo, lakini hilo ni kosa la watu wanaofikiri, nalo hupona lenyewe. Nimefurahi hasa kusikia kwamba unaingia maktaba. Mimi katika umri wako nilisoma vitabu vinne, vyote vya padri, na kimoja kilihusu magonjwa ya farasi.

Kuhusu yale mengine uliyouliza, naona karatasi imekwisha.

Babu yako,
Archambaud

*

Beltsville
21 Agosti 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu kwa bati na kwa mbuzi. Mama anakanda goti kwa chumvi na anakusifu. Mimi nikimwambia jambo lilelile huwa ni kelele.

Karatasi yako haikuwa imekwisha, Babu. Nusu ya chini ilikuwa tupu. Nimeipima kwa rula.

Juzi ilikuwa tarehe 19. Bata bukini hawapatikani Agosti, kwa hiyo Mama alinunua bata wa kawaida, wawili, walioganda kwa barafu, wagumu kama matofali, kwenye lile duka la Wachina, wakayeyukia kwenye beseni la kuogea huku Yohan akiwalinda. Walikuja watu thelathini na mmoja, Wakongo, Warundi na Watanzania. Familia mbili ziliendesha gari kwa muda wa saa tisa kutoka majimbo mengine. Wengine hawajaonana tangu sikukuu ya mwaka jana. Waliimba wimbo wako. Halafu Papa akasimama chini ya picha. Unajua Papa haongei. Alisema, "Huyu alikuwa na kila kitu akakitoa. Mimi nilikuwa sina kitu nikambeba yeye. Tumefika." Akakaa. Wanaume wazima wakafuta macho. Mimi nilikwenda jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Kwa hiyo naogopa. Ikiwa nitasema, nitamvunja Papa. Nisiposema, Yohan atasimama ukumbini Jumapili ya sikukuu, tarehe 3 Novemba, na uongo utakaosomwa nitakuwa nimeuandika mimi. Mama Domina ameshamwandika: Yohan, Mtakatifu Archambaud, miguu mitupu, alete bata. Nilijaribu kumshauri Yohan achukue Yohana Mbatizaji, jina lake la kwanza. Alikataa. Anasema Mbatizaji hana bata.

Nimeanza kuwafundisha watoto jinsi makabaila wa Ufaransa walivyoishi, bila kufika kwenye utakatifu. Napata saa moja baada ya misa. Niliwaambia kwamba mtoto wa bwana mkubwa akifika miaka saba alipelekwa kwenye nyumba ya bwana mwingine, akalelewa huko. Alihudumia mezani, alishika sabuni, hapana, hakukuwa na sabuni, alishika taulo. Arielle, mwenye miaka tisa, akasema huyo ni kama yeye alivyoletwa kwa shangazi yake. Nikasema ndiyo, kama hivyo. Akauliza kama mtoto yule aliruhusiwa kumpigia mama yake. Nikasema simu zilikuwa bado. Akasema ukabaila ulikuwa mbaya.

Niliendelea. Ngome ilikuwa ya mawe, yenye baridi, madirisha hayana vioo, mbwa wanakula chini ya meza, na bwana anakula kwa vidole. Hapo wote wakafurahi, kwa sababu kwao nao wanakula kwa vidole na hakuna anayewaita mabwana. Kimani, Mkenya wa miaka kumi, alitaka kujua kazi ya huyo bwana ilikuwa nini hasa.

"Kupigana," nikasema. "Kuwinda. Kuhukumu kesi."

"Na akikosa?"

"Anajihukumu mwenyewe."

"Si anajiachilia?"

"Mara nyingi."

"Huyo ni kama mjomba wangu," akasema Kimani, na somo likaishia hapo kwa sababu mjomba wake alikuwa mlangoni anasubiri kumchukua.

Babu, ninakuuliza tena, kwa heshima. Ulikuwa unajua?

Anysie

*

Kigoma
20 Septemba 2024

Mwalimu mdogo,

Marahaba. Mbuzi pacha anaendelea. Sherehe ya shule imepita, historia yangu ya uongo ikapigiwa makofi. Nasema hivyo ili ujue kwamba nina uzoefu.

Ulipima kwa rula. Sawa.

Nilizaliwa upande wa pili wa ziwa, kule Kongo, mwaka 1944, misheni. Aliyenibatiza ni Padri Aymar, Mfaransa mrefu mwenye ndevu nyekundu, fundi mzuri wa kuchora na mtu mbovu wa kuendesha pikipiki. Mama yangu alimwomba anichagulie jina. Akasema: Archambaud, mkuu wa kwetu. Mama yangu alikuwa Mkristo wa miaka mitatu. Alijua Petro, alijua Fransisko, alijua Agnesi, na alikuwa hajawahi kusikia padri akimpa mtoto jina ambalo halikushuka mbinguni. Padri akisema mkuu wa kwetu, kwetu kwa padri ni wapi kama si huko? Alikwenda nyumbani akapika. Padri Aymar alipoona furaha ile hakumsahihisha. Baadaye alichora picha kwa wino akampa. Ndiyo hiyo iliyo juu ya televisheni yenu.

Mwaka 1963, nikiwa mwalimu wa miaka kumi na tisa mwenye kaptula iliyopigwa pasi, Padri alikuwa anarudi kwao kufa. Aliniita akaniambia yote: bata, kinu, shemeji, bahari ya Marseille. Alicheka hadi akakohoa. Yeye alikuwa wa ukoo ule wa Vaucreux, na alikuwa wa mwisho. Kaka zake walikufa vitani, na mapadri hawazai. Alisema hakutaka jina lipotee kabisa, akalitafutia mtu. Fikiria, Anysie. Ngome imeanguka, abasia imekuwa hoteli, na kabaila wa mwisho wa Vaucreux anamnywesha mbuzi kwa chupa Kigoma. Mrithi wake ana miaka minane na analinda bata kwenye beseni Maryland.

Nilipaswa kwenda nyumbani siku ileile nikamwambia mama. Njiani nilipita kwa jirani zetu. Wao walikuwa na Mtakatifu Petro, Mtakatifu Paulo, na hata Mikaeli Malaika Mkuu. Mimi nilikuwa nimebaki na mwizi wa bata. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ilikuwa tarehe 19 Agosti, siku niliyobatizwa, na mama alikuwa ameshachinja.

Ile safari ya Yerusalemu aliiongeza mama yangu. Bata waliomfuata niliwaongeza mimi, ili kueleza ile picha. Ukianza kutengeneza mtakatifu huwezi kumwacha nusu.

Kwa hiyo ndiyo, nilikuwa najua. Miaka sitini na mmoja.

Waambie watoto ukweli ukitaka, wao watausamehe kwa sababu ya bata. Lakini Wenceslas usimwambie. Usiniulize sababu.

Babu yako

*

Beltsville
14 Oktoba 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika wiki iliyopita. Nimeisoma kwenye basi la shule, nikacheka mahali pa beseni, watu wakanitazama, nikajifanya nasoma kemia.

Nimefikiri juu ya mama yako aliyekwenda nyumbani akapika. Sina ninalomlaumu. Wewe pia najaribu kutokulaumu, lakini inanichukua muda, naomba univumilie.

Ila hukufikiri sawasawa, Babu. Unasema niwaambie watoto na nisimwambie Papa. Papa atakuwa amekaa mstari wa pili. Ameomba ruhusa kazini tangu Agosti. Amenunua koti. Siwezi kuwaambia watoto thelathini kwa siri iliyo mbele ya macho yake.

Nimeandika maisha mawili ya Bwana Archambaud. Moja lina kinu cha maskini na Yerusalemu, ni zuri, lina kurasa mbili, na kila nikilisoma kwa sauti shingo inapata joto. La pili lina ukweli, lina ukurasa mmoja, na naogopa kulisoma hata nikiwa peke yangu. Yote yako ndani ya daftari la kemia. Zimebaki siku ishirini.

Umesema nisiulize sababu. Siulizi. Nakueleza tu nilichokiona. Jumapili Yohan alimuuliza Papa ile pembe ya picha iliunguaje. Papa alisema, "Moto wa vita," akaficha mkono mfukoni. Yohan akauliza na mkono je. Papa akasema, "Moto uleule." Halafu akawasha televisheni, mpira wa Wamarekani, ambao haupendi wala hauelewi, akautazama mpaka mwisho.

Anysie

*

Kigoma
16 Oktoba 2024

Anysie,

Sijapata jibu lako na sitalisubiri. Kuna kijana anaitwa Sebastian, mtoto wa mwanafunzi wangu, anayefanya kazi ubalozini huko kwenu. Amekuja kuzika na anarudi wiki ijayo. Barua hii anaibeba yeye. Ndani yake kuna nyingine, nimeifunga kwa gundi. Ni ya baba yako.

Nilikukataza kuuliza, kisha nikalala na swali mwenyewe, wiki nne.

Oktoba 1996, kule kwetu, askari walichoma nyumba. Sote tulikuwa tumetoka. Tulikuwa tumefika kwenye mihogo, tumehesabiana, tumetimia. Wenceslas alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitazama nyuma akasema picha imebaki ukutani. Mimi nilikuwa nimemwambia tangu akiwa mtoto kwamba palipo na picha ile hapafi mtu. Nililisema kila Agosti, kwa sauti nzuri.

Nilimwona akigeuka. Lilihitajika neno moja tu: acha. Lakini mtu hawezi kumwambia mwanawe aache picha ya mtakatifu anayewalinda bila kueleza kwa nini. Nilitafuta namna ya kulisema pasipo kueleza. Nilichelewa muda wa kuvuta pumzi, naye alikuwa anakimbia haraka kuliko mimi.

Alirudi nayo. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, unajua? Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko darasa zima. Tangu siku ile sijamwona akiandika barua. Hata huko Amerika wewe ndiye unayeandika, na mimi nimejifanya sijui kwa nini.

Alinikabidhi ile picha akasema, "Papa, ni pembe tu imeungua." Nikamshukuru mtakatifu mbele ya watu.

Archambaud wa Vaucreux, mwizi, alitembea bila viatu akamrudisha bata. Mimi wangu nimemshikilia miaka ishirini na minane. Mpe Wenceslas ile barua yake iliyofungwa kabla ya sikukuu. Usimweleze chochote, mpe tu. Ningemletea mwenyewe, lakini unajua msimamo wangu kuhusu ndege, na safari hii naona haya kuuita msimamo.

Babu

*

Beltsville
9 Novemba 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, amekutumia dawa ya masikio ambayo nadhani ni ya mbwa, usiitumie kabla hujamuuliza daktari. Yohan amepata jino moja. Hapa majani yamekwisha mitini.

Nitakueleza nilichofanya kwa utaratibu kilivyotokea.

Sebastian alitupigia Jumatano tarehe 30, na Mama alizifuata barua. Yangu niliisoma chooni, kwa sababu kwetu ndiko kwenye mlango wenye kufuli. Nikakaa huko hadi Yohan akagonga.

Alhamisi Papa alirudi kutoka kazini saa tisa na nusu alasiri. Nilimngoja aingie, nikampa. Nilikuwa nimeandaa maneno lakini hayakutoka, kwa hiyo nilitii bila kukusudia, sikueleza chochote. Aliisoma amesimama, koti mwilini. Akairudia. Nilichemsha chai kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, nikaiweka mezani, akakaa mbele yake asiinywe.

Baada ya muda akaniuliza, "Hicho kitabu umekiona kwa macho yako?"

Nikasema ndiyo.

"Nisomee."

Nilichukua daftari la kemia nikamsomea ule ukurasa mmoja, wa ukweli. Kinu, shemeji, Marseille. Uso wake haukubadilika. Nilipofika mahali askofu anapomwamuru bwana mkubwa avue viatu mwezi Februari na kutembea kutoka ngomeni hadi abasia, katikati ya wanakijiji aliowavunjia mawe yao, na bata mikononi, Papa akaniinulia kidole nisite.

"Alirudisha bata wangapi?"

"Mmoja, Papa. Arobaini alikuwa ameshawala."

Babu, alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Mama alitoka chumbani kuona kuna nini. Alicheka mpaka akaweka kichwa mezani, na kichwa kilipokuwa mezani kicheko kikageuka kitu kingine. Mama akamwekea mkono mgongoni bila kuuliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa wazi juu ya meza, hakuuficha. Mimi nilitazama chai.

Halafu akajipangusa uso akasema, "Papa wangu ana miaka themanini." Hilo tu. Sikujua kama ni hasira au ni huruma, na sikuuliza, kwa sababu katika familia yetu nimeona inavyofanyika.

Ijumaa asubuhi hakuigusa picha. Jumamosi pia. Nilihesabu. Sikulala vizuri na sikula vizuri, na Yohan alifanya mazoezi ya kutembea bila viatu sebuleni na bata wa pamba aliyeazimwa kwa Arielle.

Jumapili tarehe 3 ukumbi wa Bladensburg ulijaa. Kimani alikuwa Mtakatifu Martino na nusu ya joho. Arielle alikuwa Lusia, alibeba macho kwenye sahani, yalikuwa zabibu. Yohan alipita kati ya viti polepole, ameinamisha kichwa sawasawa na picha. Mimi nilisimama kwenye kipaza sauti nikiwa na kurasa zote mbili na ukurasa mmoja. Papa alikuwa mstari wa pili na koti jipya. Nilimtazama. Alinionyesha kidole kimoja, kama alivyofanya mezani, lakini safari hii alikuwa anaonyesha idadi. Ukurasa mmoja.

Nikausoma. Sauti yangu ilitetemeka hadi kwenye bwawa la samaki, kisha ikapona. Watu walicheka nilipofika Marseille. Wazee wa Kikongo, wale wanaoimba wimbo wako, hawakucheka. Walimtazama Papa ili wajue wafanye nini. Papa alikuwa anacheka, nao wakaanza. Mama Domina alishika paji la uso.

Nilipomaliza Kimani aliinua mkono. "Kwa hiyo si mtakatifu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini yumo kwenye picha?"

Sikuwa nimeandika jibu la hilo. Nikasema, "Kwa sababu siku hiyo moja alirudisha."

"Na yule bata?" akauliza Arielle. "Alifurahi?"

Nikasema nyaraka hazisemi.

Mama Domina alitamka kwa kipaza sauti kwamba mwaka ujao majina yatahakikiwa mapema na kwamba Yohan apewe pipi kama wengine, kwa ajili ya miguu yake. Yohan alitoa maoni yake kwa Kiswahili, mara ya kwanza mwaka huu. Alisema, "Sakafu ni baridi." Nilidhani ungependa kujua.

Jumatatu asubuhi Papa alivaa koti, akafika mlangoni, akarudi. Akaigusa picha. Hakugusa kichwa cha bwana kama zamani. Aligusa ile pembe. Akatoka.

Sikukuu ya Agosti itaendelea. Nilimuuliza Papa tutakuwa tunasherehekea nini, akasema bata, kama siku zote.

Jana nilipokuwa naandika barua hii alikuja akasimama nyuma yangu. Aliomba nimwachie nafasi chini. Nikampa kalamu. Aliihamishia mkono wa kushoto, akaibana kati ya kidole gumba na vile vidole vilivyoshikana, akaandika polepole sana. Yohan alihesabu, ilichukua dakika nne. Ni mstari ulio hapo chini, herufi zimelala lakini zinasomeka.

Leo ni Jumamosi. Nitakunja karatasi mara tatu, niandike anwani ya parokia, niombe asiiweke mtu chini ya birika, na nitembee kwenda posta kabla hawajafunga saa sita.

Mjukuu wako,
Anysie

Papa, bata amefika. Wenceslas.